Unguja mjini wakati wa kiangazi: Juni au Januari?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza. Likizo zangu ni mbili tu, ya Juni na ile ya Desemba inayoingia Januari. Nataka kumpeleka mama yangu (ana miaka 67, ana presha na magoti yanamsumbua) pamoja na wanangu wawili, wa miaka 9 na 13, wakaione Zanzibar. Tutakaa siku tano na tungependa kulala mjini, siyo kwenye hoteli za ufukweni. Kila ninayemuuliza ananiambia niende kiangazi nisije nikanyeshewa. Sasa ni Juni au Januari? Na tufanye nini kwa siku hizo bila kutozwa bei za wazungu? Nataka pia kurudi na viungo kwa walimu wenzangu, ila nasikia vingine ni feki."

Jibu:

Mwalimu, mfikishie mama shikamoo yangu. Njooni Juni, ikiwezekana baada ya tarehe 10. Ingekuwa safari ya wewe na watoto peke yenu, na hamu yenu ni kuogelea na kutazama samaki chini ya maji, ningekwambia Januari bila kufikiri mara mbili. Lakini unakuja na mama.

Waliokwambia uje kiangazi wamekupa nusu ya habari. Miezi ya ukavu huku kwetu iko mafungu mawili, na kila fungu lina upepo wake. Vuli ikishaisha, kuanzia Desemba ya mwishoni hadi mwanzoni mwa Machi, unavuma kaskazi. Bahari inatulia, maji yanakuwa maangavu, na joto la mchana linafika nyuzi 32 au 33. Masika yakishapita, kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, unavuma kusi. Hapo mchana ni nyuzi 28 au 29, usiku zinashuka hadi 21 au 22, na wazee wetu wanatoa masweta kabatini. Bahari nayo inachafuka kidogo. Mvua yenyewe haiwezi kukuamulia, kwa sababu hata Juni mnaweza kupata manyunyu ya asubuhi, na hata Januari wingu likaja ghafla likamwaga nusu saa likaondoka. Kinachotofautisha hasa misimu hii miwili ni joto na bahari.

Kuhusu joto, mtu wa Mwanza hujidanganya kirahisi. Mchana wenu na mchana wetu havipishani sana mtu akisoma namba peke yake. Tofauti iko usiku. Ziwa lenu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo jua likizama mwili unapumzika. Hapa Januari saa nane za usiku bado ni nyuzi 25 au 26, hewa ina unyevu, jasho halikauki, na chumba kilichopigwa jua mchana kutwa kinaendelea kutoa moto. Kijana atalalamika siku mbili kisha azoee. Mama wa miaka 67 mwenye presha atalala vibaya usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, na siku ya nne hatataka kutoka. Vidonge vingine vya presha vinamfanya mtu akojoe sana, na ukichanganya na jasho la kaskazi kinakuja kizunguzungu. Amuulize daktari wake kabla ya safari, hata kama mnakuja Juni.

Likizo ya Desemba ina kasoro zake nyingine pia. Vuli mara nyingi hainyamazi mpaka mwezi huo uwe umekwenda. Kisha kuanzia Krismasi mpaka Mwaka Mpya vyumba vinapanda bei na boti zinajaa, na wiki ya kwanza ya Januari bado mji una watu. Wapo wanaosubiri Februari kwa ajili ya tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe. Wewe huna likizo hiyo, lakini ikitokea siku moja ukapata ruhusa, angalia kwanza Ramadhani imeangukia wapi. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2028 mwishoni mwa Januari. Mchana wa Ramadhani migahawa mingi ya mjini hufungwa na si adabu kula au kunywa barabarani. Usiku kuna raha yake, kila mtu yuko nje baada ya futari, ila mgeni mwenye watoto wadogo na mzee wa kumeza dawa kwa saa atahangaika. Juni ya miaka hii haina tatizo hilo.

Gharama ya kuchagua Juni ni bahari, na mtaanza kuilipa kwenye boti. Kutoka Dar es Salaam ni kama saa mbili kwa boti ya mwendo kasi. Kusi inatoka kusini, na boti ya kuja Unguja inaelekea kaskazini, kwa hiyo mnakuja mkisukumwa na mawimbi na safari inakuwa laini kiasi. Siku ya kurudi Dar mnayapiga mawimbi uso kwa uso, na hapo ndipo watu wanatapika. Kateni boti ya asubuhi kwa kurudi, maana upepo huwa unapanda kadiri jua linavyopanda. Mama akae chini, katikati au nyuma, siyo mbele wala ghorofani. Mle chakula kidogo, kikavu, siyo supu. Kidonge cha kichefuchefu kinamezwa kabla ya kupanda, kama nusu saa hivi, si baada ya kuanza kuyumba. Na kwa kuwa mama ana dawa zake, kidonge hicho nacho akiulizie kwa daktari. Mkiwa na uwezo wa ndege kwa siku ya kurudi, mpe mama ndege na ninyi mpande boti.

Kutoka Mwanza, kama hamruki moja kwa moja hadi Dar, siku hizi wengi wanashuka basi Dodoma na kupanda treni ya SGR, ambayo imekuwa ikifika huko tangu 2024. Kwa magoti ya mama ni afadhali mara nyingi kuliko basi mpaka Dar. Laleni Dar usiku mmoja. Tiketi ya boti inunuliwe dirishani kwa kampuni yenyewe au kwenye simu, si kwa kijana aliyekukimbilia nje ya geti na kukubebea begi. Kila mtu mzima awe na kitambulisho, kwa sababu nauli ya Mtanzania na ya mgeni wa nje hazilingani, na watoto chukulieni vyeti vyao vya kuzaliwa.

Malazi. Umefanya vizuri kutaka mjini. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta ni nene, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba jua linafika chini kwa muda mfupi tu wa mchana. Shida ni ngazi. Ngazi za nyumba hizi ni za mbao, zimesimama wima, nyingine hazina pa kushika. Ukipiga simu usiulize "mna chumba?" Uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi, na choo kiko ndani au nje. Chukua cha chini au ghorofa ya kwanza hata kama picha za juu ni nzuri zaidi. Mtaa wa Malindi uko karibu na bandari na kuna nyumba za wageni za bei ya kawaida. Shangani ni pazuri, karibu na Forodhani, ile bustani ya kando ya bahari, lakini utalipia hiyo sifa. Kiponda na Mkunazini ziko katikati, karibu na soko la Darajani, na gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo uliza pia mtatembea mita ngapi na mizigo. Mikokoteni ipo, patana kabla.

Sasa kalenda. Hapa ndipo wageni wengi wanapoteza siku zao, hata wanaokuja na pesa. Bahari yetu inapanda na kushuka sana. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mchanga au umetimia, tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni ndogo sana. Kizuri ni kwamba saa hazibadiliki ovyo. Bamvua pwani hii hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa ni karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata mnaongeza kama dakika 50. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yamegeuka na maji yanajaa saa nne. Wavuvi wanahesabu kwa mwezi mwandamo na hawahitaji simu. Wewe tafuta tu siku mwezi utakapokuwa umetimia mwezi Juni wa mwaka mnaokuja, kisha mfike siku hiyo au kesho yake.

Nakwambia hivyo kwa sababu ya watoto. Kuna fungu la mchanga linaitwa Nakupenda, magharibi ya mji, safari fupi ya mtumbwi wa mashine. Maji yakijaa halionekani, yakipwa linatokea jeupe katikati ya bahari. Siku za bamvua linakuwa wazi asubuhi, wakati upepo bado mdogo, na mnarudi mjini kabla ya jua la saa saba. Hakuna mti hata mmoja pale, kwa hiyo kofia na maji ya kunywa ni lazima. Njiani au wakati wa kurudi mnapita Changuu, kisiwa cha kobe. Kobe wale ni wakubwa kuliko meza ya darasani, na wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Watu wanakiita kisiwa cha gereza, na ni kweli jengo lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya wafungwa, ila likaishia kuwa karantini ya wasafiri wenye maradhi ya kuambukiza. Mama simshauri safari hii mwezi wa Juni. Kupanda mtumbwi ni kuingia majini mpaka magotini na kujinyanyua huku chombo kinacheza.

Jioni ya siku hiyohiyo, maji yakiwa juu, nendeni Forodhani mapema, saa kumi na moja. Vijana wanaruka makachu kutoka ukutani, wanajipindua hewani na kutumbukia, na wanaruka vile kwa sababu maji yamejaa. Ukija siku ya maji mafu jioni utakuta kina kifupi na utajiuliza sifa zote zile zilitoka wapi. Mama atakaa kwenye benchi na upepo wa bahari. Kwa upande wa mjini kusi haina makali, kisiwa chenyewe kinaukinga, maana mji unatazama magharibi.

Chakula cha Forodhani nina maoni nacho. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, kunyweni. Mishkaki inayochomwa mbele yenu, kuleni. Pweza na kamba waliopangwa kwenye meza, sijui wamepangwa tangu lini, na mwenye meza hatakwambia. Urojo, ule mchuzi mzito wa Zanzibar, mzuri hauko pale, uko vichochoroni kwa akina mama wanaouza alasiri, na wenyeji wanapanga foleni. Ukiona foleni ya wanafunzi na wafanyakazi wa ofisini, simama. Juni hamtapata maembe ya maana, msimu wake ni mwisho wa mwaka, lakini machungwa yatakuwa mengi.

Kuogelea kabisa, nendeni Kendwa au upande wa magharibi wa Nungwi, kaskazini ya kisiwa, kama kilomita 60 kutoka mjini. Huko kina kiko karibu na ufukwe, kwa hiyo maji hayakimbii mbali hata kwenye bamvua, na kusi haiwapati moja kwa moja. Daladala namba 116 inakwenda Nungwi, ni nafuu ila mama atabanwa. Kodini gari dogo kwa siku nzima, mgawane na familia nyingine kama mtaipata hapo mnapolala. Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, kusi inapiga usoni. Wanaocheza na matiara ya baharini wanafurahi, mtoto wa miaka 9 anakula mchanga. Na asubuhi za bamvua kule maji yanakwenda mamia ya mita, mnabaki mnatazama tope na miamba. Hata hivyo, huo ndio wakati akina mama wanashuka kwenye mashamba yao ya mwani, na kwa mwanao wa miaka 13 hilo ni somo zuri kuliko kuogelea. Muombeni ruhusa mtu kabla ya kumpiga picha akiwa kazini.

Siku moja iwe ya mji tu, kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Darajani wakati samaki wanapigwa mnada, kisha Mkunazini kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sultan Barghash na Waingereza, na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huohuo. Misafara iliyojaza soko lile ilifika mpaka nchi za maziwa makuu, kwa hiyo watoto wako hawatasikiliza historia ya watu wa mbali. Vyumba vya chini wanavyoonyesha ni vifupi na hewa ni nzito. Mama asishuke, abaki kwenye ua penye sanamu za watumwa. Beit al-Ajaib, jumba la zamani la Sultani, mtaiona kwa nje. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020 na matengenezo yamechukua miaka, msiipange kama makumbusho ya kuingia. Saa sita rudini mlale. Mji wote unalala, maduka mengi yanafunga, na nyinyi hamna sababu ya kuwa mashujaa.

Siku nyingine Jozani, kusini-mashariki, kama kilomita 35. Ni msitu, kuna kivuli, njia ni tambarare kwa sehemu kubwa, na kima punju, wale kima wekundu, wanakaa karibu na barabara kiasi kwamba mama atawaona bila kutembea sana. Wanapatikana Zanzibar tu, hakuna pengine duniani. Pakeni dawa ya mbu. Mkiwa na gari, endeleeni mpaka Kizimkazi Dimbani mkauone msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Mavazi ya heshima, viatu nje, na muombeni mwenyeji awafungulie. Pale watawashawishi mkafukuze pomboo kwa boti. Kusi inapiga pwani ile, boti zinarundikana kumzunguka mnyama mmoja, na mimi simpeleki mtu.

Bei za wazungu hutapigwa kama utazungumza kwanza na kulipa baadaye. Kwenye vivutio vingi Mtanzania ana kiingilio chake kwa shilingi, onyesha kitambulisho kabla hawajakata risiti. Mtumbwi hukodishwa mzima, siyo kwa kichwa, kwa hiyo uliza "mtumbwi wote, kwenda na kurudi, tukisubiriwa saa ngapi?" na ulipe nusu mkirudi. Forodhani uliza bei ya mshikaki mmoja kabla haujawekwa sahani. Bandarini mapapasi, yaani vijana wa kuvizia wageni, watawashika mikono wakisema hoteli yenu imejaa au imefungwa. Muwe na namba ya simu ya mnapolala na mwiteni mtu wao aje kuwapokea. Nguo ni suala dogo kwenu, najua, lakini binti au kijana asitembee mjini na vazi la kuogelea. Kanga moja kwenye mkoba inamaliza kila kitu.

Viungo nunueni Darajani ndani ya soko, siyo kwenye vile vikapu vidogo vya majani vilivyofungwa kwa plastiki mbele ya hoteli. Vya kikapu vimekaa juani miezi. Omba unuse. Karafuu nzima iwe na kichwa chake, na ukiibana kwa ukucha itoe mafuta. Mdalasini, iliki na pilipili manga chukua nzima, usichukue ya unga, kwa sababu unga unachanganywa na vitu usivyoweza kuvijua. Vanila ikiwa ngumu kama kijiti imeshakufa, nzuri inapinda. Zafarani usiiguse hata muuzaji akikuapia. Ile ya bei rahisi inayouzwa kwa wageni mara nyingi ni maua mengine yenye rangi ya manjano au nyekundu, na zafarani ya kweli usingeweza kuwanunulia walimu kumi. Kama unataka kitu cha kugawa chumba cha walimu, chukua halua. Iulizie imepikwa lini, ifungwe vizuri, na iwe kwenye begi la mkononi, maana ikibanwa chini ya mizigo mpaka Mwanza itavuja kwenye nguo zote.